Nyekundu Isiyochuja: Kisa cha Mashuka ya Kudarizi katika Pwani ya Mtwara

Usuli

Kisa hiki kinahusu kikundi cha akina mama wadarizi katika mji mmoja wa pwani, mkoani Mtwara. Majina ya watu, mtaa na nyumba ya wageni iliyoagiza kazi yameondolewa, na idadi chache zimebadilishwa ili mtu asitambulike kwa hesabu. Wenyewe wamekubali kisa kiandikwe kwa sharti kwamba hasara isifichwe. Mimi hufundisha utiaji rangi kwa mimea. Niliitwa mzigo wa kwanza ukiwa umeshaharibika. Yaliyotangulia nayasimulia kama nilivyoelezwa na pande zote mbili.

Kikundi kina wanawake 12. Wakubwa wao walianza sindano kwa kofia za viua, kazi ya kutoboa tundu moja moja na kulizungushia uzi mpaka kofia nzima ijae. Kutoka kwenye kofia wakahamia mashuka ya harusi: shuka jeupe na foronya zake, maua kwenye pindo, na jina la bibi harusi au herufi za maharusi wote wawili upande wa kichwani. Shuka la namna hiyo huku kwetu lina hadhi yake. Hutandikwa mgeni mzito akija, au mzazi akirudi na mtoto mchanga. Likishatumika linafuliwa kwa mkono, tena na mwenyewe, linaanikwa kivulini na kurudishwa kabatini. Jambo hili la namna ya kufua ndilo lililokuja kuamua kisa chote, ingawa mwanzoni hakuna aliyelifikiria.

Mteja alikuwa mwanamke aliyefungua nyumba ya wageni katika jengo la kale la mawe. Alikuwa amesafiri Ufaransa, akaona mashuka ya zamani ya kitani yenye herufi mbili nyekundu zilizofungamana kwenye kona. Akataka yake yawe hivyo: herufi za jina la nyumba zimefungamanishwa, na wekundu wake utokane na mimea ya huku kusini.

Kwa nini herufi zile zilikuwa nyekundu

Hapa inabidi kurudi nyuma kidogo, maana mteja alikuwa ameona pambo, ila kitu alichokiona hakikuanza kama pambo.

Nyumba zenye uwezo Ulaya zilikuwa na mashuka mengi, na zilifua kwa nadra, kwa mkupuo mkubwa, mara nyingi nguo za nyumba kadhaa zikichangamana kwa wafuaji. Kila shuka lilihitaji alama ya kulirudisha kwao, na namba chini yake ili yatumike kwa zamu. Nguo zenyewe zilichemshwa kwa maji ya majivu. Uzi wa alama ulipaswa kuvumilia moto huo bila kutia doa kwenye weupe. Nyekundu iliyoweza hayo ilitokana na mizizi ya mmea unaoitwa rubia, kwa njia ndefu iliyojulikana kama nyekundu ya Kituruki: pamba ililowekwa kwenye mafuta mara nyingi, ikapitishwa kwenye samadi, shabu na chokaa, kisha ndipo ikatiwa rangi. Kazi hiyo ilichukua wiki nyingi. Wafaransa waliipata katikati ya karne ya 18 kwa kuwaleta mafundi kutoka nchi za mashariki ya Mediterania. Mwaka 1868 wanakemia wawili wa Kijerumani, Carl Graebe na Carl Liebermann, waliunda maabarani rangi ile ile iliyomo katika mzizi wa rubia, yaani alizarini, na haukupita muda mrefu kilimo cha rubia kikaporomoka.

Kwa hiyo zile herufi zilikuwa alama ya dobi. Wekundu wake ulichaguliwa kwa sababu hautoki, uzuri ukafuata. Bibi mmoja wa kikundi, mkubwa kuliko wote, aliposimuliwa habari hii hakushangaa hata kidogo. Alisema alipokuwa msichana walinunua uzi mwekundu wa kudarizi kwenye duka la Mhindi, na swali la kwanza dukani lilikuwa kama unachuja. Bei iliulizwa baadaye.

Kazi iliyoagizwa

Mashuka 20 ya poplini nyeupe, foronya 40, na vitambaa vya meza 10 vya marekani, yaani kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Kila kimoja kiwe na herufi mbili zilizofungamana, urefu wa sentimita tatu, kwa uzi mwekundu wa rangi ya mimea. Malipo ya awali nusu. Muda ulikuwa miezi mitatu, kipupwe chote, ili kazi iishe kabla ya msimu wa korosho kuwachukua akina mama wote mashambani.

Makubaliano yaliandikwa kwenye daftari, ukurasa mmoja, na pande zote zikatia sahihi. Yalitaja ukubwa wa herufi, idadi, bei na siku ya kukabidhi. Hayakutaja nguo zitafuliwa vipi wala na nani.

Kilichotokea

Mama aliyejitolea kushika kazi ya rangi alichagua mzingifuri. Mti huo umo kwenye viwanja vya watu, mbegu zake zinapaka vidole wekundu mkali ukizigusa tu, na hauhitaji kibali cha mtu. Alichemsha mbegu kwa maji yenye magadi kidogo, kama inavyotakiwa, kwa sababu rangi ya mzingifuri haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Rangi ilipotoka na unjano mwingi kuliko alivyotaka, akaongeza hina ili kuikoza. Uzi ulikuwa wa pamba mweupe wa dukani. Ulisuuzwa kwa maji baridi ukatiwa sufuriani, ukatoka na rangi ya kupendeza sana, nyekundu inayokaribia ya udongo wa Makonde mvua ikishanyesha. Ukakaushwa, ukagawanywa kwa wadarizi.

Tatizo la kwanza lilikuwa la sindano. Marekani ina nyuzi zinazohesabika, hivyo mshono wa msalaba ulikaa sawa kwenye vitambaa vya meza. Poplini haihesabiki kwa macho. Wakahamishia michoro kwa karatasi ya kaboni na kushona kwa mshono wa mnyororo, na kwa sentimita tatu herufi zile mbili zikapotea ndani ya mikunjo yake. Kijana mmoja wa kikundi alimwonyesha mpita njia foronya iliyokamilika, akamwuliza anasoma nini. Yule mtu akajibu: "Ua." Hata hivyo mchoro ulikuwa umekubaliwa na mteja, wakaendelea nao.

Mzigo wa kwanza, mashuka 8 na foronya 16, ulikabidhiwa mapema. Mteja alifurahi. Wageni wakalala, nguo zikaenda kwa dobi wa nyumba ile, na baada ya kufuliwa mara chache mteja akapiga simu. Foronya zilikuwa na kivuli cha rangi ya chungwa kuzunguka kila herufi. Pale zilipokunjwa zikiwa mbichi, alama ilikuwa imejinakili upande wa pili. Mashuka yaliyoanikwa kwa kamba juani, herufi zilizoelekea jua zilikuwa zimepauka, zile zilizojificha kwenye mkunjo zikabaki. Shuka moja likawa na alama mbili za rangi tofauti.

Kikao kilichofuata kilikuwa kigumu. Mteja alianza kwa "Shikamoo" kwa bibi mkubwa kama kawaida yake, akaitikiwa, lakini baada ya hapo alizungumza na mwekahazina peke yake, habari ya fedha. Mwekahazina, binti mwenye akili ya biashara, alikuwa na wazo: kufumua herufi zote na kuzishona upya kwa uzi mwekundu wa dukani, bila kusema neno. Tofauti isingeonekana. Baadhi wakaunga mkono, maana malipo ya awali yalikuwa yameshanunua kitambaa na hakukuwa na fedha za kurudisha.

Bibi mkubwa alikataa. Maneno yake niliyapata kwa watatu waliokuwapo, na wote walikubaliana: "Mwanangu, tumemwambia mti. Tukimpa duka, tumwambie duka."

Hapo ndipo nilipoitwa.

Kwa dobi

Kitu cha kwanza tulichofanya kilikuwa kwenda uani kwa dobi, kabla ya kugusa sufuria yoyote. Dobi alitupokea vizuri, akaeleza kazi yake bila kuficha, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza. Mashuka meupe huloweshwa usiku kucha kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga. Asubuhi hutiwa dawa ya klorini. Kisha kusuuzwa, kukamuliwa, kurundikwa kwenye beseni yakisubiri nafasi ya kamba, na kuanikwa kwenye jua la wazi. Vitambaa vya meza vya marekani huvifua tofauti, kwa mkono na sabuni ya kipande, kwa kuwa marekani ina rangi yake ya asili na klorini ingeitia mabaka.

Kila hatua ya dobi ilikuwa imegusa udhaifu wa uzi ule. Rangi ya mzingifuri huyeyushwa kwa magadi. Sabuni ya unga nayo ina ukali wa namna hiyo hiyo, kwa hiyo kuloweka usiku kucha kulirudisha rangi majini. Beseni la nguo mbichi likahamisha rangi kutoka kitambaa hadi kitambaa. Jua likamalizia, maana mzingifuri haustahimili mwanga. Hina haikusaidia chochote: hushika vizuri kwenye ngozi, nywele, sufu na hariri, lakini kwenye pamba haina pa kujishikiza. Juu ya hayo, uzi wa dukani ulikuwa na nta na mafuta ya kiwandani ambayo maji baridi hayakuyaondoa, hivyo sehemu kubwa ya rangi ilikuwa imekaa juu juu tu.

Tulipata jambo jema moja palepale. Kwa kuwa mzingifuri hupaushwa na jua, zile foronya zenye madoa zilifumuliwa herufi, zikafuliwa, zikatandazwa zikiwa na unyevu kwenye majani juani, zikinyunyiziwa maji kila zilipokauka. Madoa yalififia mpaka yakaisha kwenye karibu zote. Kitambaa kikaokoka bila kununua kipya, na hilo peke yake lilishusha joto kati ya mteja na kikundi.

Majaribio

Nilipendekeza kwamba kabla ya mtu yeyote kuahidi chochote tena, tushone vipande vya ushahidi: vitambaa vya upana wa kiganja, kila kimoja na msitari wa uzi wa rangi moja. Nusu ya kila msitari ikafunikwa kwa boksi na kuachwa dirishani penye jua kwa wiki mbili. Kipande cha pili cha rangi ileile kikashonewa kitambaa cheupe mgongoni, kikapewa dobi akifue kwa desturi yake yote, klorini ikiwemo. Cha tatu kikafuliwa kwa mkono na sabuni ya kipande.

Uzi wa safari hii ulichemshwa kwanza saa nzima kwa magadi na sabuni. Maji yalitoka ya njano iliyokolea, na akina mama wakaona kwa macho yao uchafu uliokuwa umejificha kwenye uzi waliodhani ni safi. Kisha uzi ukalowekwa kwenye tanini, ule ukakasi wa magome na maganda ya mimea, halafu kwenye shabu, chumvi inayoshikisha rangi kwenye uzi. Pamba peke yake haishikani vizuri na shabu. Tanini inakaa katikati na kuzishikanisha. Tanini tuliipata bure kwa wanaobangua korosho: ngozi nyembamba ya kahawia inayovuliwa kwenye kokwa, ambayo kwao ni takataka. Nasisitiza ngozi ya ndani. Ganda la nje lina mafuta yanayounguza mikono, na kila mbanguaji anakuonyesha makovu yake. Kwa gramu 100 za uzi tulitumia kama gramu 20 za shabu, na magadi ya kuchovya kwa ncha ya kijiko tu. Ukizidisha magadi, shabu hukata, hufanya utandu mweupe na kutua chini ya sufuria bila kuingia kwenye uzi.

Juu ya uzi huo tukajaribu rangi tatu. Mzingifuri tena, ili haki itendeke. Magome ya mkandaa, mmoja wa miti ya mikoko, ambayo bibi mkubwa alikumbuka yakitumika kwa nyavu na ukili. Na rubia ya unga, pakiti ndogo ambayo mteja mwenyewe aliiagiza kutoka nje alipoanza kuvutwa na jambo hili. Rubia haipikwi mpaka ichemke. Ikizidi joto la nyuzi 70 hivi za Selsiasi hutoa kahawia na kuua wekundu. Bila kipimajoto tuliishikilia pale mvuke unapopanda lakini viputo havijaanza. Maji ya kisima cha pale ni ya mwamba wa matumbawe, sabuni haitoi povu ndani yake, na kwa kufulia ni adha. Kwa rubia ni neema, kwa kuwa chokaa iliyomo husaidia rangi kukolea.

Nikaongeza jambo ambalo wengi waliliona halina haja: aina tatu za uzi mwekundu wa dukani.

Matokeo yalibandikwa ukutani. Mzingifuri ulipauka juani kama kawaida, ingawa safari hii haukuchuja sana kwa sabuni ya kipande. Mkandaa ulitoa nyekundu ya tofali, yenye kahawia ndani yake. Jua halikuugusa, sabuni ya kipande haikuugusa, na chovyo la mwisho kwenye maji ya chokaa nyepesi liliukoza zaidi. Rubia ilikuwa nyekundu kweli, tanini ya korosho ikiivuta kidogo kuelekea tofali. Nayo ilivumilia sabuni na jua. Lakini kwenye kipande cha dobi, baada ya klorini, mkandaa na rubia zote mbili zilivunjika. Na kati ya nyuzi tatu za dukani, mbili zilichuja. Wazo la mwekahazina lingewarudisha palepale walipotoka, safari hii na uongo juu yake.

Fungu moja la mkandaa lilitoka karibu jeusi. Lilipikwa kwenye pipa la chuma lililokatwa, na chuma kikikutana na tanini hutoa weusi. Tangu siku hiyo kikundi hutumia sufuria ya alumini tu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumrudia mteja na ule ukuta wa vipande, aone mwenyewe, badala ya kumpelekea maelezo. Alikaa navyo muda mrefu. Swali lake lilikuwa kama dobi anaweza kuacha klorini. Dobi alijibu kwa heshima lakini bila kuyumba: kwa shuka la mgeni hawezi, kwa sababu mgeni akiona doa la mafuta ya kujipaka hataki maelezo. Mteja akakubali kwamba dobi yuko sawa. Nilimheshimu sana kwa hilo; ingekuwa rahisi kumwamuru aache, kisha kumlaumu baada ya mwezi.

Kwa hiyo kazi ikagawanywa. Mashuka na foronya, yanayopita kwenye klorini, yakashonwa kwa ule uzi mmoja wa dukani uliofaulu mtihani wa dobi. Vitambaa vya meza, ambavyo dobi huvifua kwa mkono, vikapata uzi wa mkandaa, na mteja akaongeza foronya za mito ya kukalia na vitambaa vya kufunikia vyakula ili herufi za mimea ziwe pale mgeni anapokaa na kula. Kadi ndogo chumbani ikaandikwa wazi ipi ni rangi ya mti na ipi ni ya dukani. Bei ya mashuka ikashuka, ya vitambaa ikapanda.

Rubia iliachwa, pamoja na uzuri wake wote. Sababu ya kwanza ni gharama ya kuiagiza. Ya pili, mteja alitaka mimea ya kusini, na rubia iliyokuwa mezani ilitoka mbali. Ipo jamii ya rubia inayoota nyanda za juu za Tanzania, lakini haioti pwani hii ya joto.

Mkandaa ulileta mjadala wake mzito. Mikoko yote ya Tanzania Bara iko chini ya hifadhi, na kuikata kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Upande wa kusini wa mkoa kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ambako masharti ni makali zaidi. Tena mti ukimenywa gome kuuzunguka, unakufa hata kama haukukatwa. Mama wa rangi alikuwa tayari kumtuma kijana kwenye mkoko usiku. Kikundi kilikataa, na bibi mkubwa akakumbusha kwamba kamba na kaa wanaowasomeshea wajukuu wao wanakulia mle. Njia iliyopatikana ni kwa muuza boriti za mikoko mwenye kibali: boriti zake humenywa uani na magome hubaki rundo. Wanayanunua kwa kiroba, na wanaomba kuona karatasi yake kila mzigo mpya unapoingia.

Kuhusu herufi, mwekahazina ndiye aliyetoa suluhisho. Alichukua kofia ya viua ya babu yake, akaonyesha jinsi mapambo yanavyokaa pembeni ya umbo bila kulivamia. Herufi mbili zikawekwa bega kwa bega badala ya kufungamana, zikakuzwa kufikia sentimita tano, na chini yake namba ya chumba kwa mshono wa msalaba. Kwenye poplini walishikiza kwa muda kipande cha marekani juu, wakashona kwa kuhesabu nyuzi zake, kisha wakachomoa nyuzi za marekani moja moja, mshono ukabaki peke yake umenyooka. Kaboni ikaachwa kabisa.

Matokeo

Kazi ilikabidhiwa ikiwa imechelewa, msimu wa korosho umeshaanza, na faida ya kikundi ilikuwa ndogo mno. Kwa wengine haikufikia walichokuwa wakipata kwa kubangua. Mteja alilipa salio lote. Miezi kadhaa baadaye mashuka hayajachuja. Vitambaa vya meza vimelainika kidogo kwa rangi na vinapendeza zaidi ya vilipokuwa vipya. Mtandika vitanda anasema zile namba zimemwokolea muda kuliko kitu chochote, kwa sababu shuka la chumba kidogo haliendi tena kwenye kitanda kikubwa.

Familia mbili zimeagiza mashuka ya harusi yenye herufi za mkandaa. Kabla ya kupokea fedha, kikundi kiliwauliza wote wawili: nani atafua?

Uchambuzi

Kilichoharibu kazi ya kwanza hakikuwa uzembe. Mama wa rangi aliijua mzingifuri, na rangi aliyoitoa ilikuwa nzuri kweli. Shida ni kwamba uzoefu wote wa kikundi ulijengwa juu ya shuka la harusi, linalofuliwa kwa upole na mtu anayelipenda. Nyumba ya wageni ni maisha mengine. Walibeba ujuzi kutoka mazingira yaliyousitiri udhaifu wake, wakaupeleka mahali ambapo kila kitu kinaushambulia, na makubaliano ya ukurasa mmoja hayakuwa na msitari wa kuwashtua. Naona hili kila mara kwa vikundi vya kazi za mikono: sampuli hupimwa kwa jicho, siku ya kwanza, ikiwa kavu. Wekundu wa alama ya shuka hupimwa kwenye beseni.

Kusafisha uzi kulidharauliwa kwa sababu uzi ulionekana mweupe. Kati ya makosa yote ya kiufundi, hili ndilo ninalolipa uzito mkubwa, kwani hata mkandaa usingeshika kwenye uzi wenye nta. Saa moja ya kuchemsha ingeokoa wiki nyingi za kufumua.

Kukataa kubadilisha uzi kimya kimya kulifaa kwa sababu mbili, na ningependa zote zionekane. Ya uaminifu iko wazi. Ya pili ni kwamba kukataa huko ndiko kulikolazimisha majaribio, na majaribio ndiyo yaliyofichua kwamba uzi wa dukani nao unachuja. Kikundi kingekuwa na shauri moja tu, la haraka, kingeangamia mara ya pili na mteja asingerudi.

Dobi alikuwa na majibu yote tangu mwanzo. Hakuitwa kwenye kikao chochote cha awali, wala mteja wala kikundi hawakumfikiria kuwa sehemu ya kazi ya urembo. Sasa kikundi kina kitabu cha vipande vya ushahidi, na ukurasa wa kwanza wa kila kazi mpya una jina la atakayefua, sabuni anayotumia, na kama anatia dawa.

Yasiyotatuliwa bado yapo. Magome hutegemea muuza boriti kupata kibali, na kuna miezi anakosa. Kina cha rangi hutofautiana kati ya kiroba na kiroba, kwa hiyo uzi wote wa kazi moja hupikwa kwa mpigo mmoja, pamoja na akiba ya kurekebishia, na akiba hiyo hukaa kwa mwekahazina ikiwa imefungwa na jina la mteja. Mteja wa mashuka ya harusi akitaka nyongeza mwaka ujao, huambiwa mapema kwamba wekundu utakuwa ndugu wa ule wa kwanza, hautakuwa uleule. Mmoja alisikia hivyo akaongeza foronya nne palepale.